Mita Hamsini za Heshima

Raia wa Jamhuri ya Mkabala hutambulika katika uwanja wowote wa ndege duniani. Ni wale wanaotoka mlangoni kinyumenyume. Msiwacheke. Huko kwao hiyo ndiyo adabu, adabu ina sheria yake, na sheria ina kifungo chake.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Mgongo. Inakataza raia yeyote, mkubwa kwa mdogo, kumpa mgongo Mheshimiwa Mtazamwa au picha yake. Mtazamwa ndiye kiongozi wa nchi hiyo tangu siku ambayo ni wazee wawili tu wanaoikumbuka, na kila mmoja anaikumbuka vingine. Picha yake imetundikwa katika kila chumba, ukutani, ikiangaliana na mlango. Kwa hiyo mtu huingia akiwa ametanguliza uso na kutoka akiwa ametanguliza kisogo, na hakuna anayeona ajabu. Maharusi hutoka ukumbini kinyumenyume, shela ikitangulia barabarani. Wahudumu wa mikahawa hutoka jikoni kinyumenyume na mabakuli ya supu, ndiyo maana mteja mzoefu huagiza supu ya watu wanne ili apate ya mmoja.

Mpira wa miguu walikuwa nao zamani. Ulipigwa marufuku baada ya mechi moja ambayo timu iliyokuwa ikishambulia goli la kusini, picha ikiwa kaskazini, ilikamatwa yote kabla ya mapumziko. Baada ya mapumziko timu zikabadilishana magoli, basi na ile nyingine ikakamatwa. Mwamuzi alinusurika kwa kuwa alikuwa mtu wa kukimbia kinyumenyume tangu ujana wake.

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo msichana aitwaye Sikudhani Kilindo, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa ameuona uso wa baba yake. Baba hakuwa amesafiri wala hakuwa amekufa. Sikudhani alimtembelea kila Jumapili, akaongea naye, akamcheka, akamsukumia chapati kwa mkono. Uso tu ndio hakuuona.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Kilindo alikuwa akifundisha hesabu. Zamani picha ya Mtazamwa ilikaa juu ya ubao, mwalimu akiandika huku anaitazama, mambo shwari. Kisha Wizara ikaagiza picha zote za madarasani zihamishiwe ukuta wa nyuma, ili Mtazamwa naye apate kuona kinachoandikwa ubaoni. Madawati yakageuzwa, wanafunzi wakaitazama picha na kuacha ubao nyuma yao. Walimu nao wakajifunza kuandika kwa mkono uliopindishwa nyuma, kama mtu anayejikuna mahali pasipofikika. Kwa kuwa hakuna mwalimu aliyeona alichoandika wala mwanafunzi aliyekisoma, makosa yalikwisha kabisa, na Wizara ikatangaza kwamba elimu imepanda.

Siku moja Mwalimu Kilindo akafika kwenye hesabu za sehemu. Hesabu za sehemu hazitaki mzaha. Mkono wake wa nyuma ulihisi kwamba umeweka juu namba iliyopaswa kukaa chini, na yeye, kwa kughafilika, akageuka kuisahihisha. Aligeuka mzima mzima. Walipomkamata bado alikuwa ameshika chaki, na watu waliokuwepo wanasema jibu alilokuwa ameanza kuliandika lilikuwa sahihi.

Alipelekwa Kituo cha Kunyoosha Migongo. Huko wafungwa huketi kwenye mabenchi uani, wakiitazama picha kubwa kuliko zote nchini, mpaka migongo yao itakaponyooka. Kunyooka kwenyewe kutathibitishwa na kamati, na kamati itateuliwa. Mgeni hawezi kukaa mbele ya mfungwa, maana ataipa picha mgongo. Hukaa nyuma. Basi Sikudhani alijua kila unywele wa kisogo cha baba yake, na alizishuhudia mvi zikianzia shingoni na kupanda juu. Jumapili moja alimwomba ageuze shavu tu, japo kidogo.

"Shavu moja tu, Baba. Nataka kujua kama umekonda."

"Sijakonda," alisema Mwalimu, akiitazama picha. "Nimejaa kiasi. Na wewe?"

"Mimi nimerefuka."

"Nilidhani hivyo. Sauti yako siku hizi inatokea juu."

Siku hiyo Sikudhani alirudi nyumbani akilia kwa hasira, akaapa kwamba baba yake atatoka, na atatoka kwa mkono wake. Namna ya kufanya hivyo hakuijua. Redio ndiyo iliyomjulisha.

*

Redio ilitangaza kwamba Jamhuri ya Mkabala imechoka kurudi mikono mitupu kutoka mashindano ya dunia. Kuanzia sasa raia atakayeleta medali, iwe ya dhahabu, fedha au shaba, atapokewa na Mtazamwa mwenyewe na kuruhusiwa kuomba jambo moja, lolote, naye atapewa. Ilikuwa ahadi kubwa, na serikali iliitoa kwa moyo mweupe, kwa sababu tangu nchi iundwe haikuwa imepata medali hata ya kuazima.

Kazi ya kuchagua mchezo aliachiwa Waziri wa Michezo na Adabu, Mheshimiwa Daktari Mahimbo Kigonya. Alikuwa daktari wa nini hakuna aliyewahi kuumwa kiasi cha kuuliza. Alijifungia na wataalamu wake, wakaupitia mchezo mmoja baada ya mwingine, kisha akajitokeza mbele ya wananchi akiwa amevaa suti na miwani ya kuogelea.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mkimbiaji ni nani? Ni mtu anayetumia nguvu zake zote kuwaonyesha wenzake kisogo! Mrusha mkuki ni nani? Ni mtu anayetupa mali ya umma bila kujua itaangukia wapi! Lakini ndugu zangu, yupo muogeleaji wa chali. Huyu anaondoka huku anatazama alikotoka. Mwili unakwenda mbali, macho yamebaki nyumbani. Huo si mchezo, ndugu wananchi. Huo ni uzalendo uliolowa maji!"

Watu wakapiga makofi, kisha wakatawanyika kinyumenyume.

Uamuzi ulikuwa na akili yake, tusimwonee Waziri. Katika mita hamsini za kuogelea kwa mgongo, muogeleaji huanza akiwa ameukabili ukuta, ameshika vishikio. Ukitundika picha nyuma ya ukuta huo, ataitazama akiwa anasubiri, na akiondoka miguu yake ndiyo itakayobaki upande wa picha mpaka aguse ukuta wa pili. Mgongo wake wanauona samaki, kama wapo. Mita mia zilikataliwa, maana katikati kuna kugeuka, na kugeuka ni kugeuka.

Hapo ikazuka shida ya nyayo. Mzee mmoja wa Baraza la Adabu alisimama akauliza, je, msichana anayekwenda chali hamwonyeshi Mtazamwa nyayo zake safari nzima? Ikaundwa Kamati ya Visigino, ikakaa, ikala, ikatoa uamuzi: nyayo zilizofunikwa na povu si nyayo. Kwa hiyo muogeleaji wa taifa alitakiwa kupiga miguu kwa namna ambayo povu halitapungua hata kidogo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na povu likikatika ashitakiwe.

Wasichana wengi waliojitokeza kwa majaribio waliposikia habari ya povu walikumbuka shughuli nyingine. Akabaki Sikudhani. Alikuwa amefundishwa kuogelea na baba yake mtoni, zamani, wakati mgongo ulikuwa bado kiungo cha mwili tu.

Alikabidhiwa kwa Kocha Shemsa, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, aliyekuwa akisimamia bwawa la Hoteli ya Taifa. Picha ilitundikwa upande wa kina kifupi. Sikudhani alikwenda chali hadi upande wa pili, akarudi akitembea ukingoni akiitazama picha, akaenda tena. Alikwenda mara nyingi na kurudi mara nyingi, siku baada ya siku, mpaka mapaja yakawa kama magogo.

"Povu, mwanangu," Kocha Shemsa alimwambia kila asubuhi. "Wengine wanapiga miguu ili washinde. Wewe unapiga ili usifungwe. Tutaona nani atapiga zaidi."

*

Mashindano ya dunia yalifanyika ng'ambo, katika mji wenye baridi na watu wanaotembea wakiwa wametanguliza pua. Msafara wa Mkabala ulikuwa na watu arobaini: muogeleaji mmoja, kocha mmoja, na thelathini na wanane wa kuisindikiza picha. Picha yenyewe ilikuwa na ukubwa wa mlango. Ilibebwa kifuani na Waziri mwenyewe, na kwa kuwa ilitazama mbele, wote waliotangulia walitembea kinyumenyume wakiitazama. Mbele kabisa alikuwepo ofisa mmoja wa kupapasa njia kwa mkono.

Chumbani kwa waogeleaji, msichana wa nchi nyingine, mwenye mabega mapana na uso wa ucheshi, alimwona Sikudhani akitoka mlangoni kinyumenyume akashindwa kuvumilia. Waliongea kwa Kiingereza cha kuombea maji, kila mmoja na chake.

"Mbona unatembea hivyo?"

"Heshima."

"Heshima kwa nani? Humu ndani tupo sisi wawili."

Sikudhani akatazama ukutani. Kweli, hapakuwa na picha. Palikuwa na saa na tangazo la kukataza kukimbia. Alisimama pale mlangoni akiwa hajui afanye nini na miguu yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona aibu.

"Ni mazoea," alisema.

"Huogopi kuanguka?"

"Unazoea na kuanguka."

Katika mchujo alishangaza watu. Katika nusu fainali alijishangaza mwenyewe. Watangazaji walitafuta Mkabala kwenye ramani, wakaonyesha nchi nyingine kwa muda, wakaomba radhi. Wataalamu waliipiga picha miguu yake chini ya maji, wakakubaliana kwamba hakuna aliyewahi kupiga povu kama lile. Walimuuliza siri yake. Waziri akajibu kwa niaba yake kwamba siri ni malezi.

Fainali ikafika. Waziri alikaa jukwaani nyuma ya ukuta wa kuanzia, picha kifuani, jasho likimtiririka hadi kwenye fremu. Wasichana wanane wakaingia majini, wakashika vishikio, wakajikunja. Sikudhani aliinua macho, Mtazamwa akamtazama. Yeye hakumwona. Aliona kisogo chenye mvi. Alisema moyoni, shaba tu, Mungu wangu, siombi zaidi, shaba tu.

King'ora kikalia. Alijirusha nyuma, akazama, akapiga miguu iliyobanwa pamoja mpaka mapafu yakamlalamikia, kisha akaibuka na paa kubwa jeupe likaanza kupita juu ya uso wake. Katika kuogelea chali huoni unakokwenda na huoni nani anakushinda. Unaona paa tu, na maji yanakuingia puani. Wenzake waliona hilo ni gumu. Yeye alikuwa amekwenda hivyo maisha yake yote, sokoni, shuleni, benki na hospitali, akiamini kwamba mlango upo mahali fulani nyuma. Alipiga povu. Vibendera vya mwisho vikapita juu yake, akajua ukuta uko karibu, akanyoosha mkono mpaka bega likaalika, vidole vikagonga kigae.

Alikaa hapo akihema, hathubutu kutazama ubao wa matokeo. Yule msichana wa mabega mapana, aliyeshinda dhahabu, akavuka kamba ya njia yake akaja kumtikisa.

"Wa tatu! Wewe! Wa tatu!"

Sikudhani akalia ndani ya maji, jambo lenye faida moja, kwamba halionekani.

*

Balaa likaja wakati wa kutoa medali. Jukwaa la washindi liliwekwa kando ya bwawa, na wenyeji, kwa kutojua, waliweka bendera kwenye ukuta ulio upande wa pili, kinyume kabisa na Waziri na picha yake. Shaba ikiwa tayari shingoni, mtangazaji akasema: "Tafadhali geukeni mzitazame bendera."

Wenzake wawili wakageuka. Sikudhani akabaki njia panda. Akigeuka, ataipa picha mgongo, na hiyo ni Sheria ya Mgongo. Asipogeuka, ataipa mgongo bendera ya taifa lake, na hiyo ni Sheria ya Bendera, yenye viboko ndani yake. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya maji ya bwawa. Akafanya kitu pekee kilichobaki: akasimama ubavu, jicho moja kwenye picha, jicho moja kwenye bendera, kama kuku anayesikiliza mwewe.

Huko jukwaani Waziri alikwisha kuona hatari. Dunia nzima inatazama, na nyumbani wanatazama pia. "Tuhamie upande wa bendera!" alifoka. "Upesi!" Msafara ukainuka. Waziri akashika picha kifuani akaanza kukimbia kando ya bwawa, na wasindikizaji wote, kwa kuwa walikuwa mbele ya picha, wakakimbia kinyumenyume wakiitazama kwa heshima. Ofisa wa kupapasa njia alipapasa upande wa kulia. Bwawa lilikuwa kushoto.

Wa kwanza aliingia, chubwi. Wa pili alidhani mwenzake amepiga kona, akamfuata. Kisha wakaingia kwa vikundi, suti, tai na viatu, kila mmoja akiitazama picha mpaka maji yalipomfika machoni. Wa mwisho alikuwa Waziri. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Waliokuwa wakishughulika na uogeleaji wa taifa hawakuona sababu ya kulowa.

Wimbo wa taifa wa mshindi ulikuwa haujafika katikati. Sikudhani alijitupa majini na medali yake shingoni, na yule wa dhahabu akamfuata, na wa fedha, na walinzi wa bwawa. Wakawa wanawavuta mmoja mmoja chali, mkono chini ya kidevu, hadi ukingoni, ambako Kocha Shemsa aliwapokea kwa kola kama anayeopoa nguo za kufua. Waziri ndiye aliyewasumbua. Alikuwa ameng'ang'ania fremu, anakunywa maji, anaibuka, anazama.

"Mwokoe kwanza yeye!" aligugumia. "Yeye kwanza!"

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, "yeye anaelea. Wewe ndiye unayezama."

Na ilikuwa kweli. Mtazamwa alikuwa ameelea chali, mkavu usoni, ametulia, akilitazama paa.

Magazeti ya nyumbani kesho yake yaliandika kwa herufi kubwa: MTAZAMWA ATIKISA BWAWA LA DUNIA. Chini yake ilielezwa kwamba Kiongozi amevuka maji ya ng'ambo bila kutumia mikono wala miguu, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwanadamu. Chini zaidi, karibu na matangazo ya vifo, ilisemwa kwamba raia mmoja pia amepata shaba.

*

Siku ya kuomba ikafika. Ukumbi wa ikulu ulikuwa mrefu, na mwisho wake, kwenye kiti kilichompita ukubwa, alikuwepo Mtazamwa mwenyewe. Sikudhani alistaajabu kumwona mzee mdogo mwenye macho ya usingizi. Walinzi walijipanga kuta zote mbili, nyuso kwake. Waziri Kigonya alisimama karibu na kiti, bado ana mafua ya bwawani.

"Omba, binti," alisema Mtazamwa kwa sauti ya upole. "Nimeambiwa uniombe."

Sikudhani alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo kuliko alivyofanyia mazoezi miguu.

"Mheshimiwa, namwomba baba yangu. Mwalimu Kilindo. Yuko Kituo cha Kunyoosha Migongo."

Mtazamwa akamtazama Waziri. Waziri akakohoa, akapiga hatua moja.

"Kwa masikitiko yaliyojaa furaha," alisema, "napenda kumjulisha bingwa wetu kwamba ombi lake lilikwisha kutumika. Alipokuwa jukwaani alisimama ubavu. Ubavu, Mheshimiwa, ni nusu ya mgongo. Ilibidi aombewe msamaha haraka, na serikali yake inayomjali ikamwombea, kwa kutumia ombi lake. Akasamehewa. Hongera sana."

"Lakini mimi sikuomba," alisema Sikudhani.

"Ndiyo maana tulikuombea."

Walinzi wakapiga makofi. Mtazamwa akatabasamu kwa uchovu, akainua mkono kama alivyoinua kwa watu maelfu. "Nenda kwa amani, binti. Uendelee kuogelea."

Sikudhani alianza kuondoka kinyumenyume, kama kawaida. Hatua moja, hatua nyingine. Miaka mitatu ya visogo, povu lile lote, shaba ikimgonga kifuani, na bado anarudi nyuma kwa adabu kama mhudumu wa supu. Alikumbuka chumba kile cha ng'ambo chenye saa na tangazo, na aibu aliyoiona pale. Ikampata tena, mara mbili ya ile ya kwanza.

Akasimama. Akageuka.

Hakugeuka kwa hasira wala kwa mbwembwe. Aligeuka kama mtu anayetaka kuona mlango ulipo, kisha akaanza kuuendea.

Mtazamwa alijiinua kwenye kiti. Tangu ashike madaraka hakuwahi kumwona mtu kwa nyuma.

"Kigonya," alinong'ona, "kile ni nini?"

"Mgongo, Mheshimiwa."

"Kumbe ndivyo ulivyo." Alikodoa macho. "Mbona ni wa kawaida tu?"

"Mkamateni!" alipiga kelele Waziri.

Walinzi wakaruka. Ila kumkimbilia Sikudhani, aliyekuwa akielekea mlangoni, kulimaanisha kumpa mgongo Mtazamwa, naye yuko palepale, macho yamemtoka. Hawakuwa wahuni. Wakamfukuza kinyumenyume, kwa kasi yote inayoruhusiwa na sheria, wakitupa mikono nyuma kuupapasa mwili ambao haukuwepo. Wawili walipapasana wenyewe wakakamatana kwa nguvu. Mmoja aliangukia ngoma ya mapokezi. Walipoufikia mlango, Sikudhani alikwisha kuvuka bustani, lango na barabara kuu, akitembea tu, huku akishangaa jinsi mtu anavyokwenda haraka akiwa anaona anakokwenda.

*

Lango la Kituo cha Kunyoosha Migongo lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi siku zote. Sikudhani alikuwa amelipita kila Jumapili kwa miaka mitatu na hakuwahi kulifikiria. Uani wafungwa waliketi kwenye mabenchi, wakiitazama picha kubwa. Askari naye aliketi kwenye kiti chake mbele yao, bunduki mapajani, akiitazama picha, lango likiwa nyuma yake.

Alikwenda hadi benchi la baba yake, akasimama nyuma yake.

"Baba."

"Leo si Jumapili," alisema Mwalimu Kilindo.

"Nimekuja kukuchukua."

Kisogo kikatulia. "Umepewa kibali?"

"Sikupewa."

"Sasa tutatokaje?"

"Kwa lango. Liko wazi."

"Najua liko wazi, mwanangu. Lakini ukitoka kinyumenyume, askari akisikia anakufuata kinyumenyume, mwendo wenu mmoja, anakukamata. Na ukitoka kwa namna nyingine…" Hakumaliza. Wafungwa wa benchi zima walikuwa wameacha kupumua.

"Itabidi ugeuke," alisema Sikudhani. "Si ndilo kosa lililokuleta hapa? Watakuongezea nini?"

Mwalimu Kilindo alikuwa mtu wa hesabu. Aliipiga ile hesabu upande wa juu na upande wa chini, akairudia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikudhani aliogopa kwamba analia. Kumbe anacheka. Akaweka mikono magotini, akainuka, magoti yakalia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chaki akageuka mzima mzima.

Alikuwa amekonda. Alikuwa amemdanganya kila Jumapili. Alikuwa na ndevu nyeupe ambazo Sikudhani hakuwa amezijua, na macho yaleyale aliyoyajua, nayo yakampima kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Kweli umerefuka," alisema.

Sikudhani alimvika ile shaba, akamshika mkono, wakaanza kutembea kuelekea langoni. Walikuwa hawajafika mbali waliposikia nyuma yao benchi likilia, kisha lingine, kisha nyayo.

Askari alisikia pia. Alikaza macho kwenye picha, akashika bunduki kwa nguvu.

"Nani huyo anayetoka?" aliuliza kwa ukali.

"Geuka ututazame," alisema Mwalimu Kilindo.

Askari akafikiri. Nasikia mabenchi yote yamebaki matupu, na yeye bado anafikiri.